Bazazi Yangu Baje Kwenu?

Asubuhi moja ya mwaka 2002, soko la Baraka, mji wa mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, likiwa limefurika, Casimir alirudi nyuma kuipisha mikokoteni akakanyaga kitenge ambacho Pulchérie alikuwa amekitandaza chini.

"Pardon, mama! Mi niko chercheur, mutu wa utafiti, natoka Bukavu. Niko nauliza batu: mwizi akiingia kwako, unaita nani?"

Pulchérie akamtazama: shati jeupe lililonyooshwa, viatu vimejaa mchanga.

"Kwanza mi siko mama, sina hata bwana. Ya pili, kitenge umechafua, utakifua."

Akakifua ziwani, wanawake wakimcheka, akakirudisha kesho yake. Utafiti wake ulihusu nani hasa anaulinda mji vita vikiendelea: askari, polisi, wazee wa mtaa au vijana wa doria. Pulchérie alimjibu huku akimtania. Miezi miwili baadaye maswali yalikwisha, lakini Casimir hakuacha kuja.

Ndipo askari wakamkamata Bertin, kaka yake Pulchérie, aliyeongoza doria ya mtaa. Walidai filimbi yake ya doria inawaita wapiganaji wa msituni.

"Ni mi nilikuambia kazi ya Bertin!" Pulchérie akafoka. "Kumbe we ni mupelelezi!"

"Chérie, mi siandikake majina ya batu."

"Usiniite chérie. Rudi kwenu!"

Casimir akaondoka. Katika utafiti wake alikuwa amegundua kwamba kamanda wa askari hao hakuwasikiliza polisi wala chifu. Alimsikiliza Dorothée, mkuu wa wanawake wauza samaki, kwa kuwa kambi nzima ilikula samaki wao. Akamwendea. Jioni hiyo wanawake arobaini wakaketi langoni mwa kambi, wala samaki hakuingia hata mmoja. Kesho yake mchana Bertin akatoka, amechoka lakini mzima.

"Ni jirani alinisemea uongo kwa askari, sababu anataka kiwanja chetu," akamwambia dada yake. "Na mwenye alienda kwa mama Dorothée ni ule Casimir wako."

Pulchérie akakimbilia ziwani. Casimir alikuwa ameshapanda boti kwenda Uvira, njiani kurudi Bukavu.

Kesho yake Pulchérie alivaa kitenge chake kizuri kuliko vyote, akaenda kwenye nyumba ya fonia, redio ya kuzungumza na miji mingine, ambapo kila aliyesubiri zamu alisikia maneno ya mwenzake. Akaomba Casimir aitwe kwenye fonia ya Uvira.

"Casimir, unanisikia? À vous," akasema, maneno ya kumpa mwenzake zamu.

"Nakusikia. Bertin iko namna gani? À vous."

"Iko muzima, iko anakula tu. Nilikukosea. Unisamehe. À vous."

Redio ikakoroma.

"Nilikusamehe tangu niko mu boti. Pulchérie, bazazi yangu baje kwenu bakupose? À vous."

Chumba kizima kikamgeukia Pulchérie. Mwanamke mmoja akamsukuma mgongoni: "Jibu, dada, tuko tunangoja!"

"Baje," akasema Pulchérie, machozi yakimtoka. "Baje mbiyo!"

Vigelegele vikalipuka, naye akasahau kumpa Casimir zamu. Mwenye fonia akamnyang'anya kipaza sauti: "Amekubali! À vous!"

Kutoka Uvira zikaja kelele za watu wengi waliosubiri zamu huko, wakishangilia, watu ambao Pulchérie hakuwahi kuwaona.