Daktari wa Mama

Fundi cherehani hakuwa na breki mdomoni. Kila mteja aliyekuja kupimwa gauni alisikia habari ile ile: binti yake yuko chuo kikuu, mwaka wa pili, anasoma saikolojia na sayansi ya ubongo.

"Nina daktari ndani ya nyumba!"

Mwanzoni binti alikana. "Mama, mimi si daktari." Baadaye akanyamaza. Jina tamu, nani asilipende?

Likizo moja binti alimkuta baba yake amebadilika. Baba alikuwa fundi rangi. Kichwa kilimuuma kila asubuhi. Alisahau rangi alizokuwa akizichanganya kwa miaka ishirini. Alifoka ovyo.

"Haya, daktari wangu," mama alisema. "Mtazame baba yako."

Binti alifungua daftari. Akamwuliza baba kuhusu usingizi, kazi na mawazo. Akatikisa kichwa kama daktari wa kweli.

"Msongo wa mawazo tu, Mama. Apumzike."

Baba alipumzika wiki mbili. Siku moja kikombe kikamponyoka mkono wa kulia. Maneno yakamkwama.

Jirani yao, nesi, alikuwa amekuja kuchukua sketi aliyoshonewa na mama. Alimwona baba.

"Shemeji, uligonga kichwa siku za karibuni?"

"Ngazi... iliteleza. Mwezi uliopita. Nikaona si kitu."

"Na mmekaa naye ndani? Twendeni hospitali sasa hivi!"

Picha ya kichwa ilionyesha damu. Ilivuja polepole na kuukandamiza ubongo. Baba alipasuliwa siku hiyo hiyo. Alipona, lakini mkono haukurudi sawasawa. Hakupaka tena rangi.

Mama alimgeukia binti kwa hasira. "Unasoma nini huko?"

"Usimwonee," nesi alisema. "Anasoma ubongo unavyofanya kazi na mtu anavyofikiri. Ni elimu nzuri. Lakini shahada ya kwanza haimpi ruhusa ya kutibu. Kuna miaka mingine ya mafunzo. Na aliyegonga kichwa anaweza kuinuka akicheka, dalili zikaja wiki kadhaa baadaye. Kichwa kuuma, kusahau, tabia kubadilika, mkono kulegea. Ukiona hayo, nenda hospitali, usingoje. Halafu, nani alimwita daktari?"

Mama aliinamia cherehani.

Likizo iliyofuata, mteja aliingia dukani kwa mama, akamkuta binti. "Daktari, mama mkwe wangu siku hizi anasahau. Uzee huo, eti?"

"Mimi ni mwanafunzi tu, dada. Alianguka?"

"Aliteleza bafuni, wiki tatu zilizopita."

Binti alivaa viatu, akamsindikiza mteja na mama mkwe wake hospitali. Bibi yule alikutwa na damu kichwani, akatibiwa mapema. Alirudi nyumbani akitembea na kutaniana na wajukuu.

Binti alimsimulia baba yake. Fundi rangi alisikiliza, mkono wa kushoto umeushika wa kulia.

"Umeuliza... swali zuri," alisema polepole. "Ungeniuliza na mimi."