Sufuria Moja, Vyumba Vyote

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia mbele ya chumba chao, akateka maji kisimani, kisha akambembeleza Bosi avae suruali. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomtoa jasho.

Bosi alikuwa mdogo wake, mtoto wa miaka mitatu, na jina hilo alilipata kwa haki. Alimwamuru mama yao aache cherehani ampakate. Alimwamuru fundi viatu wa chumba cha jirani agonge nyundo taratibu kwa sababu mwanasesere wake amelala. Fundi viatu, mtu mzima na ndevu zake, alijibu, "Sawa, bosi," na kweli akagonga taratibu. Chiriku naye alipewa jina hilo la ndege mpiga kelele na shangazi yake kwa sababu ya mdomo. Hata akila, alikuwa anaongea.

Waliishi katika nyumba ndefu yenye vyumba vilivyotazamana. Katikati palikuwa na ua, na kwenye pembe ya ua palikuwa na kisima. Maji yake yalikuwa meupe na ya baridi, wala hayakuwa na chumvi. Wapangaji waliyaonea fahari kana kwamba waliyatengeneza wenyewe.

"Maji kama haya uyachemshe ya nini?" mama alikuwa akisema huku akishona sare za wanafunzi. "Mkaa wa kupikia tu unatushinda."

Msimu ule watoto wa mtaa walianza kuumwa matumbo. Mmoja akipata nafuu, mwingine analala. Ndipo walipokuja watafiti kutoka chuo kikuu. Watu walidhani watafiti ni watafiti tu, wote wanatafuta kitu kimoja. Kumbe kila mmoja alikuja na lake.

Wa kwanza alikuwa kijana wa sayansi, aliyebeba kasha la chupa ndogo. Alishusha kamba kisimani, akajaza chupa zake, akaziandika. Watoto wakamwita Chupa. "Siri ya mtungi aijuaye kata," aliwaambia kwa mzaha, "na kata yenyewe ndiyo mimi."

Wa pili alikuwa nesi aliyefanya utafiti wa afya, mwanamke mrefu mwenye haraka. Maswali yake yote yalitaka jibu la ndiyo au hapana. Ukianza kusimulia, alikukatiza kwa upole: "Ndiyo au hapana, mama?" Naye akawa Bi Ndiyo-Hapana.

Wa tatu alikuwa mama wa makamo aliyefundisha elimu ya dini. Alitaka kujua watu wanamwambia nini Mungu ugonjwa unapoingia nyumbani. Alikuwa akiuliza swali moja, kisha ananyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kurefu mpaka watu wakaona haya. Huyo akaitwa Bi Kimya.

"Mmoja anatafuta majini, mwingine tumboni, mwingine mbinguni," fundi viatu alisema, akiwa na misumari midomoni. "Chuo kimoja, na hata njia hawaulizani!"

Watu walicheka. Bosi naye alicheka, ingawa hakuelewa kitu.

Siku Bi Ndiyo-Hapana alipopita chumba kwa chumba, habari zilimtangulia: anauliza kama mnachemsha maji ya kunywa, na anataka kuyaona. Nani angekubali kuonekana mchafu mbele ya mgeni? Kwa bahati, mama alikuwa na sufuria ya maji ya ugali jikoni, yameanza kutoa mvuke. Nesi aliingia, akauliza, mama akasema ndiyo. Nesi akaona mvuke, akaweka alama kwenye karatasi yake.

Alipogeuka tu, mama alimnong'oneza Chiriku, "Haraka! Pitia uchochoro wa nyuma, mpelekee mke wa fundi viatu."

Chiriku alifunga mikono yake kwa kanga na kukimbia na sufuria. Alipoiweka kwa jirani, nesi naye akabisha hodi mlango wa mbele. Kutoka hapo sufuria ilikwenda chumba kilichofuata, na kilichofuata. Chiriku aliiona kama mchezo. Alikuwa akicheka mpaka mbavu zikamuuma, na Bosi alikimbia nyuma yake akiamuru, "Twende! Twende!"

"Nyumba hii ina watu wasafi sana," nesi alisema alipomaliza, na kila mtu akaridhika.

Juma halikuisha, Bosi akaugua.

Alianza kwa kukataa chakula. Kisha tumbo likamwendesha, na mama akamnywesha maji mengi, kama mama yeyote angefanya. Aliyachota mtungini, yale yale ya kisimani. Kesho yake Bosi hakumwamuru mtu. Macho yalikuwa yamezama na midomo imekauka. Mama alimfunga mgongoni, akakimbia naye hospitali, Chiriku akifuata nyuma na viatu mkononi. Daktari alifanya aliloweza. Akamtundikia maji ya mishipani, akamwita kwa jina lake la kweli, akamwita tena. Bosi hakuitika. Alifariki mama akiwa amemshika mguu.

Hakuna maneno ya kueleza uchungu ule, na mwandishi anayesema anayo anajidanganya. Baba yao, dereva wa lori, alifika wakati udongo wa kaburi umeshaanza kukauka. Alikaa kizingitini bila kuvua kofia. Fundi viatu hakugusa nyundo siku zote za msiba. Ua ulikuwa kimya, na kimya hicho ndicho kilichomliza Chiriku kuliko vilio.

Baadaye Bi Ndiyo-Hapana alikuja kutoa pole. Alikaa, akamshika mama mkono, akalia naye kidogo. Kisha, kwa aibu, akatoa karatasi.

"Nisamehe, mama. Lazima nikuulize tena. Mnachemsha maji ya kunywa?"

Mama alitazama sakafu. Chiriku alikuwa ubavuni pake.

"Ndiyo," mama alisema.

Tangu siku hiyo Chiriku hakuwa chiriku tena. Mwalimu akimuuliza swali darasani, alisimama na kuangalia ubao. Alikuwa na neno moja kooni, na kwa kuwa hakuweza kulitoa hilo, hakuweza kutoa mengine.

Bi Kimya alikuja mwisho. Chiriku alikuwa nyuma ya pazia, anakunja sare ambazo mama alikuwa amemaliza kushona.

"Dada yangu," Bi Kimya aliuliza, "siku hizi unapoomba, unasema nini?"

Akanyamaza. Cherehani nayo ikanyamaza.

"Ninaomba msamaha," mama alisema hatimaye. "Watu wananiambia ni kazi ya Mungu. Wanasema kweli, na Mungu awajalie. Lakini maji niliyompa ninayajua mimi. Sikuyachemsha. Nilimnywesha kwa mkono wangu huu, nikamwambia kunywa baba, utapona." Akaanza kulia, kilio cha chini cha mtu asiyetaka majirani wasikie.

Bi Kimya alikaa naye mpaka alipotulia, akazungumza naye kwa sauti ndogo ambayo Chiriku hakuisikia. Alipotoka, Chiriku alimkimbilia mpaka langoni.

"Shikamoo. Nimesikia alivyosema mama. Tafadhali, mwambie nesi!"

"Marahaba, mwanangu. Siwezi."

"Kwa nini? Ninyi si mnatoka chuo kimoja?"

"Kila anayenifungulia moyo nimemwahidi kwamba maneno yake hayatatoka kwangu. Ni amana. Nikimpokonya mama yako maneno yake, hata kwa nia njema, nitakuwa nimemuibia." Macho ya Bi Kimya yalikuwa mekundu. "Nimemsihi aseme mwenyewe. Nitarudi kumsihi tena."

"Na asiposema?"

Bi Kimya alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akatoka langoni.

Siku hizo hizo binti mdogo wa fundi viatu alianza kuharisha. Chiriku alimwona amelala kwenye mapaja ya baba yake, macho yameanza kuzama, akayajua macho hayo. Jioni alimfuata mama jikoni.

"Mama, tumwambie nesi."

"Tumwambie nini?" Mama aligeuka kwa ukali. "Unataka watu waseme nimemuua mwanangu? Nyamaza!"

Chiriku akanyamaza.

Jumamosi watafiti waliwaita watu uani kuwasomea waliyoyapata. Chupa alianza, na safari hii hakufanya mzaha. Kisima kilikuwa na vijidudu vinavyotoka vyooni, vilivyopenya ardhini. Watu wakaguna.

"Lakini maji yakichemka vijidudu hivyo hufa," Bi Ndiyo-Hapana alisema, akifungua karatasi zake, "na hapa kila chumba kinachemsha. Nimeona kwa macho yangu. Kwa hiyo ugonjwa wenu hautokani na kisima, tutatafuta chanzo kingine. Na dawa ya kusafisha maji niliyoleta, nitaipeleka mtaa wa pili. Wale wamekiri kwamba wanakunywa maji mabichi."

Kasha la dawa lilikuwa pale pale miguuni pake. Akaliinamia alinyanyue. Chiriku alimtazama mama yake, na mama alikuwa akitazama vidole vyake. Akamtazama binti wa fundi viatu, amelala begani kwa baba yake mchana kweupe, wakati watoto wenzake wanacheza.

Akasimama.

"Sufuria ilikuwa moja," alisema.

"Unasemaje, mwanangu?"

"Siku ile ulipopita. Sufuria uliyoiona kila chumba ilikuwa moja. Nilikuwa naibeba mimi, kwa uchochoro wa nyuma. Hakuna anayechemsha."

Mtu mmoja alicheka, akajikuta anacheka peke yake. "Mtoto huyu hana adabu!" mwanamke mmoja alifoka. "Kuwaumbua watu wazima mbele ya wageni! Nani amemfundisha?"

"Msimseme mwanangu." Mama alikuwa amesimama. Sauti yake ilikwaruza. "Nilimtuma mimi. Sufuria ni yangu. Na niliulizwa mara ya pili, mwanangu yuko kaburini, bado nikasema ndiyo. Niliwaogopa ninyi. Niliogopa mtanionyesha vidole. Haya, nionyesheni."

Hakuna aliyeinua kidole. Bibi mmoja alifungua kinywa, "Mficha maradhi..." akamwona mama alivyosimama, akaimeza methali yake.

Fundi viatu alimgeuza binti yake kutoka bega hili hadi lile. "Hata kwangu hatuchemshi," alisema. "Huyu asubuhi nimempa maji ya mtungini." Halafu mwingine akasema, na mwingine. Walisema wakitazama chini, kama watu wanaotua mizigo.

Bi Ndiyo-Hapana alikunja karatasi zake zote. "Kosa si lenu peke yenu," alisema. "Nilikuja na swali linaloomba jibu la ndiyo. Nikaona mvuke, nikafurahi, wala sikutazama ni sufuria ya nani." Kisha akaacha kusema, akaanza kutenda. Binti wa fundi viatu alipelekwa hospitali saa hiyo hiyo kwa gari la chuo. Kasha likafunguliwa pale pale uani, na kila chumba kikapewa dawa. Kisima kikafungwa mpaka kisafishwe.

Binti wa fundi viatu alirudi amekonda, lakini anatembea. Siku chache baadaye alikuwa akikimbiza kuku uani, akipiga kelele. Nesi alikuwa amekuja kuwatazama. Chiriku alisogea karibu naye. Neno lililokuwa kooni lilikuwa limetoka, lakini nyuma yake lilibaki swali.

"Kama ningesema siku ile ile ya sufuria, Bosi angekuwepo?"

Cherehani ya mama ilisimama.

Nesi alimgeukia. "Sijui," alisema. "Natamani nikuambie hapana, ili moyo wako upoe, lakini sitakudanganya. Huenda alikuwa ameshakunywa maji yale kabla sijafika hapa. Huenda siyo. Sijui, na hakuna kipimo cha kujua." Akamshika bega. "Ninalolijua ni kwamba wewe ulitumwa na wakubwa, na mzigo wa wakubwa si wako. Tena ninajua hili: mwenzangu hupima maji, mimi hutazama magonjwa, yule mama wa dini husikiliza mioyo. Elimu zetu ni mbalimbali, lakini zote zinategemea ukweli tunaopewa na watu. Tukipewa uongo, tutawarudishia uongo ule ule, hata tukiwa na vyeti vya kujaza ukuta. Siku ile uani wewe ndiye uliyetufundisha kazi."

Alipoondoka, mama alimwita Chiriku, akamkalisha kwenye benchi la cherehani ubavuni pake. Uani binti wa fundi viatu alikuwa akicheka. Mama alimsikiliza kwa muda, machozi yakimtiririka, hakuyafuta.

"Kwa yule, ukweli wetu ulifika," alisema. "Kwa mdogo wako ulichelewa. Usiucheleweshe tena, mwanangu. Hata ukiwa mchungu. Hata ukiniaibisha mimi mama yako."

"Ndiyo, mama," Chiriku alisema.

Kisha wakamlilia Bosi pamoja, kwa sauti kubwa, mlango ukiwa wazi.