Analala Ubavu wa Kushoto

"Jilaze tuone," Gladys alisema, akionyesha godoro la kupuliza lililotandazwa sakafuni.

"Hapa, mbele za watu?"

"Unaenda kutembea Mwika mpaka milima ya Usambara kwa miguu, siku ishirini unalala chini, leo ndiyo unaona aibu? Lala!"

Elisaria akajinyoosha chali, mikono kifuani, kama maiti anayemsubiri padri. Wateja wa duka lile la vifaa vya mlimani, pale Moshi mjini, wakacheka. Mwenyewe hakutaka kabisa kuingia humo. Gladys, mchumba wake, ndiye aliyemkokota, amnunulie zawadi ya safari. Desemba wanafunga ndoa.

"Hili zuri. Jepesi. Lipia twende," Elisaria alisema.

"Haraka ya nini? Likichomwa na mwiba huko porini?" Gladys akamgeukia mwenye duka, dada mmoja mchangamfu anaitwa Violet. "Dada, lile la sponji je?"

"Halitoboki, ila jembamba. Mtu wa kulala chali linamtosha." Violet akatabasamu. "Kaka yako analala ubavu wa kushoto. Nyonga itamuuma, asubuhi anune mpaka saa nne. Mwache na hilo hilo."

Mama mmoja aliyekuwa akijaribu buti akabaki na mguu hewani.

"Kaka yangu?"

"Si wewe wifi yangu?" Violet akamwonyesha simu. Ujumbe ulitoka kwa Elisaria, dakika kumi zilizopita:

*Mpz nakuja na sister. Usinichangamkie sana, ana mdomo huyo.*

Gladys akausoma mara mbili. Kisha akainua mkono wenye pete.

"Sister ndiyo mimi. Harusi yetu Desemba."

Violet akashika kaunta. "Haki ya Mungu sikujua, dada! Kaniambia mwezi ujao analeta mbege ya posa kwa baba."

"Naona hukujua."

"Gladi, ngoja nikueleze..."

"Wala usiamke, umependeza hapo." Gladys akavua pete, akaiweka kando ya sikio la Elisaria, taratibu, kama anayeweka kikombe mezani. "Kile kitanda cha ndoa nilichoagiza kwa fundi wa Rau nitakilalia mwenyewe. Mimi nalala chali. Napenda nafasi."

Violet akazunguka kaunta, akainama, akafungua kizibo cha godoro.

Fyuuuu.

Elisaria akashuka polepole mpaka kwenye sementi. Wote wakimtazama, akawapa mgongo, akajikunja. Ubavu wa kushoto.