Ncha ya Mkia

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Angetile alimtoa bandani ng'ombe wao, Subira, akamfunga kwenye majani mabichi nyuma ya migomba. Alimtekea maji, akafagia banda, kisha akaenda kumweleza babu yake jinsi ng'ombe alivyoamka. Mzee Hezroni alikuwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho, na sasa aliona vivuli tu. Hata hivyo, pale kitongojini kwao Katumba Songwe, hakuna aliyemshinda kwa kujua rangi za ng'ombe.

"Ukisema 'ng'ombe mwekundu' hujasema kitu," alizoea kumwambia mjukuu wake. "Wekundu ni wengi. Kuna wa rangi ya tofali, kuna wa rangi ya kahawa. Ana mabaka au madoadoa? Baka limevuka mgongo au limeishia ubavuni? Ng'ombe akipotea, utaulizwa hayo."

Subira alikuwa mwekundu wa tofali, mwenye paji jeupe na baka jeupe ubavuni. Jirani yao, mjane aliyeitwa Mama Anyosisye, alikuwa na ng'ombe aliyezaliwa na mama mmoja na Subira. Walifanana kama mapacha. Tofauti ilikuwa moja tu: ncha ya mkia wa Subira ilikuwa nyeusi, na ya ndugu yake nyeupe.

Subira alilelewa na bibi yake Angetile tangu akiwa ndama. Bibi alifariki mwaka uliopita, na tangu siku hiyo babu alikuwa akikaa bandani kwa muda mrefu, akimpapasa Subira shingoni.

Mwezi wa Aprili mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na alfajiri moja Mto Songwe ukafurika. Watu walikimbilia mwinuko wa shuleni, watoto mgongoni na magodoro kichwani. Babu alipapasa ukutani mpaka akapata panga, akaikata kamba ya Subira ili ng'ombe ajiokoe mwenyewe. Maji yalipopungua, mpunga ulikuwa umelala kwenye tope na banda halikuwepo.

Siku ya tatu mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Andongwisye, alituma ujumbe kwamba ng'ombe mmoja ameokotwa hai. Angetile alimshika babu mkono wakaenda. Walimkuta ng'ombe amefungwa karibu na uwanja wa shule, amejaa tope mwili mzima. Angetile alianza kumkwangua. Paji jeupe. Baka ubavuni. Babu alikuwa ameanza kutabasamu.

Angetile alipofika mkiani, vidole vyake vilisita. Chini ya tope, nywele zilikuwa nyeupe.

"Niambie, mjukuu wangu," babu alisema. "Ncha ya mkia ina rangi gani?"

Angetile alimtazama usoni. Tangu bibi azikwe hakuwahi kuiona furaha ile.

"Nyeusi, babu."

Mwenyekiti alikuwa akigawa sabuni na unga kwa waliobomolewa nyumba. Neno la Mzee Hezroni lilimtosha, akawaruhusu wamchukue.

Nyumbani babu aliita, "Subira!" Ng'ombe hakugeuka. "Mafuriko yamemtia woga," babu alisema kwa upole. "Atanikumbuka." Angetile hakuweza kumeza ugali. Kila asubuhi, kabla watu hawajapita njiani, aliupaka mkia ule tope jipya.

Baada ya siku mbili Mama Anyosisye alirudi kutoka hospitali mjini Kyela, alikokuwa amelazwa na mwanawe mdogo aliyeharisha baada ya kunywa maji machafu. Alisimama uani kwa Mzee Hezroni, kanga ikiwa imelowa mvua, akamtazama ng'ombe kwa muda mrefu.

"Shikamoo, baba. Nilisikia ameokotwa mmoja. Nikasema labda ni wangu, nipate hata maziwa ya mtoto."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Huyu ni Subira."

"Kama wewe umesema ni Subira, basi ni Subira," alijibu. "Wewe hujawahi kula cha mtu." Akafuta macho kwa pindo la kanga, akaondoka polepole.

Angetile alimkimbilia babu yake.

"Babu, nimekudanganya!" alilia. "Mkia ni mweupe. Mimi ndiye ninayeupaka tope."

Babu akakaa chini palepale, kwenye matope.

"Kwa hiyo Subira amekufa."

"Nadhani amekufa, babu."

Machozi yalimtiririka mzee hadi kwenye ndevu. Angetile hakujua amshike au amwache. Hatimaye babu alisema, "Kimbia. Mwite Mama Anyosisye kabla hajafika mbali."

Mama Anyosisye aliporudi, Angetile alichukua ndoo, akauosha ule mkia mbele yake mpaka ukawa mweupe kabisa. Kisha akapiga magoti akaomba msamaha. Mama yule akamwinua. "Ndaga, baba," alishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga, mwanangu." Akaita kwa jina, "Malaika!" Ng'ombe akanyanyua masikio, akamfuata bila kuvutwa kamba.

Babu na mjukuu walibaki uani, wakisikiliza kwato zikiishia njiani. Angetile bado alikuwa akilia.

"Najua ulinihurumia," babu alisema, akampapasa kichwani. "Lakini macho yangu yameharibika, nami nikaazima yako. Ukiniambia cheupe ni cheusi, umenipofusha mara ya pili. Na mtoto wa mwenzetu angekosa maziwa huku sisi tunayakamua. Usimpe mtu furaha iliyo ya mwingine, hata kama unampenda. Leo ukweli umeniumiza, nitamlilia Subira, na siku moja nitatulia. Lakini uongo ule ningeufuga humu uani miaka yote, nikiupapasa shingoni, nisijue kuwa si wangu."