Mnara wa Dadu Nne

Asubuhi ile meli ya Nansio ilichelewa, na chumba cha abiria bandarini Mwanza kilijaa magunia, mikungu ya ndizi na watu waliochoka kuulizana saa. Bernadeta, mwalimu wa hisabati aliyekuwa akirudi Ukerewe, alikaa benchi la mwisho, gauni lake la kitenge cha zambarau amelikusanya magotini lisiguse sakafu. Ndipo aliposikia mlio kando yake: kra-kra, kra-kra.

Kijana mrefu mwenye shati la drafti alikuwa amelaza sanduku la vifaa mapajani, juu yake amepanga dadu nne mstari mmoja. Alifunika ya kwanza kwa kikombe cha plastiki, akakipeleka kushoto na kulia kwa kasi, akizoa dadu moja baada ya nyingine. Alipokisimamisha na kukiinua, dadu zote nne zilikuwa zimesimama moja juu ya nyingine.

“Umezigundisha,” Bernadeta alisema.

“Shika mwenyewe, dada.”

Alizigusa, zikaporomoka. Wote wawili wakacheka.

Aliitwa Ooko, mtu wa Rorya, fundi wa vyerehani mwenye kibanda Mkolani, hapo hapo Mwanza. Alimpa kikombe ajaribu. Dadu zikatawanyika chini ya benchi.

“Unatumia mkono mzima. Tumia kifundo tu. Naruhusiwa?”

Bernadeta akaitikia kwa kichwa. Ooko akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili.

“Kasi ndiyo inayozibana kwenye ukuta wa kikombe. Ukilegea, zinaanguka. Ukikurupuka kuinua, zinaanguka pia. Simama kwanza, ndipo uinue.”

Honi ya meli ilipolia, Bernadeta alikuwa amesimamisha mbili, na namba ya Ooko ilikuwa kwenye simu yake.

Ikawa miezi mitano ya simu za jioni.

“Leo ngapi, mwalimu?”

“Tatu. Ya nne inakusubiri wewe, mpenzi.”

“Basi nitakuja kuibembeleza.”

Ooko alikwenda shuleni kwake Ukerewe Jumamosi moja bila kumwambia, amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mara mbili. Kupitia dirisha la ofisi ya walimu alimwona Bernadeta amemshika mwanaume kifundo cha mkono, kwa vidole viwili, wakicheka. Ooko hakuingia. Alirudi na meli ya mchana, na tangu siku hiyo hakupokea simu yake. Bernadeta alipiga kwa wiki mbili, kisha naye akaacha.

Miaka miwili ikapita. Ooko hakucheza tena, lakini kila alipojaribisha mashine na sindano ikaanza kugonga, mawazo yalimrudisha bandarini, kwenye benchi lile, kwenye harufu ya mafuta ya nazi ya nywele za Bernadeta. Bernadeta aliendelea kucheza. Alifikisha dadu sita, akakosa mtu wa kumpigia.

Mwezi wa tisa alishuka Mkolani amevaa blauzi ya kijani, cherehani cha mama yake kimefungwa kwenye kanga. Alikiweka mezani pa Ooko.

“Mafundi hata Nansio wapo,” Ooko alisema taratibu.

“Najua. Kwa nini ulininyamazia?”

Ooko aliigeuza bisibisi mkononi. “Nilikuja shuleni kwenu. Nilikuona umemshika mwanaume mkono.”

Bernadeta akakaa kwenye stuli ya wateja.

“Josephat. Mwalimu mwenzangu. Alitaka ajifunze mchezo wa dadu ili amfurahishe mchumba wake. Nilimshika hivyo kwa sababu wewe ndivyo ulivyonifundisha, sijui namna nyingine.” Sauti yake ikapungua. “Siku ile ndiyo nilisimamisha nne. Nilikuwa nakupigia nikwambie.”

Ooko aliinamisha kichwa. Barabarani muuza mihogo alipita, akaenda zake.

“Nisamehe, Beni.”

“Ungeniuliza tu.”

“Nakuuliza sasa. Nikija kwenu kujitambulisha kwa wazazi, utanipokea?”

Bernadeta alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

“Umechelewa miaka miwili,” alisema. “Lakini njoo.”