Boneti Nyeusi ya Vandini

Boneti ilikutwa Jumatatu asubuhi kwenye sakafu ya chumba cha kaboni, katika kiwanda cha magari cha Vandini nje kidogo ya mji wa Modena, Italia. Ilikuwa imepondwa vipande vipande. Nyundo ilikuwa pembeni, mpini wake umechongwa jina: Ivo. Kesho yake wakaguzi walikuwa waje kuipima, na wakiridhika, gari la kwanza la Vandini lenye bodi ya nyuzi za kaboni lingeanza kuuzwa.

Inspekta Ornella Guidetti aliokota vipande kwa mikono mitupu. Matabaka yake yalibanduka kwa ukucha tu, safi, kama kurasa za kitabu. Mhandisi Davide Bonfatti, mkuu wa kitengo hicho, alibaki nyuma ya mlango wa kioo. Alieleza kwamba wiki nzima alikuwa Stuttgart, Ujerumani, kikazi, amerudi asubuhi hiyo, ameiona boneti kupitia kioo na kupiga simu. Ndani hakukanyaga.

"Hapa hakuna fumbo, Afande," alisema. "Muulize mzee Ivo. Baa nzima ilimsikia akiapa kuzivunja takataka zetu nyeusi."

Ivo Malagoli, fundi aliyezigonga bodi za alumini kwa mkono tangu ujanani, hakukana. Alikiri kwamba alisema hivyo, akiwa amelewa na akiwa hajalewa, kwa sababu wepesi wa kaboni ndio uliokuwa unaifunga karakana yake. Lakini nyundo zake hulala mezani wazi, na kila mtu anaijua meza hiyo. Alijibu amesimama. Kila gari liliposikika nje, alikwenda dirishani.

"Una nini, mzee?" Ornella aliuliza.

"Binti yangu Mirka yuko milimani na gari la majaribio. Akiwa barabarani mimi situlii. Nikamate ukitaka, ila niache kwanza nimwone akirudi."

Kufikia saa ya chakula Ornella naye hakutulia. Viganja na mikono vilimwasha kama aliyeshika upupu, na kwenye kantini ya kiwanda bakuli lake la tambi za tortellini lilipoa mbele yake. Mpishi alimcheka, akamwambia ni vumbi la kaboni, vijana wa kule huvaa glavu. Ornella alipoinua macho alimwona Bonfatti meza ya pili, vifungo vya mikono ya shati vimefungwa, anasugua kifundo cha mkono kwenye ukingo wa kiti.

Alimfuata ofisini kwake.

"Kunja mikono ya shati, mhandisi."

"Ya nini?"

"Kunja tu."

Ngozi ilikuwa nyekundu hadi kwenye viwiko, imekunwa mpaka ikachubuka. Ornella alimuuliza Stuttgart gani hiyo yenye vumbi la chumba asichokanyaga. Kisha akamuuliza kwa nini matabaka ya boneti hayakushikana.

Bonfatti aliketi, na maneno yakamtoka. Kitambaa cha kaboni huja kimelowa gundi, nacho lazima kikae kwenye friza mpaka siku ya kuokwa kwenye tanuri. Friza ilizima, gundi ikaharibika, naye akanyamaza. Kuagiza kitambaa kipya kungechelewesha gari, na gari hilo ndilo lililompa cheo. Wakaguzi wangeuona ubovu, kwa hiyo alirudi Jumapili kimyakimya, akachukua nyundo ya mtu ambaye kila mtu angemshuku. Kwa pupa alisahau glavu.

"Kitambaa hicho kilitoa boneti ngapi?"

Alijikuna. "Mbili."

"Ya pili iko wapi?"

Bonfatti aligeukia dirisha. Alitazama milimani.

Ornella alimkabidhi kwa askari wake, akakimbilia karakana. Aliposikia kwamba boneti ya pili iko kwenye gari la Mirka, Ivo alimpigia simu mara ya kwanza, ya pili, ikaita tu. Ya tatu Mirka akapokea. Alikuwa amesimama Serramazzoni, mji mdogo wa milimani, kunywa kahawa. Boneti ilikuwa inatetemeka, akadhani ni kitasa, na alitaka kulikimbiza gari kwenye mteremko asikilize vizuri.

"Usiliwashe, mwanangu," Ivo alisema. "Kaa hapohapo. Nakuja."

Alimpita Bonfatti uani bila kumtazama, akafika kwenye gari lake kuukuu. Ufunguo ulikataa kuingia mlangoni, mara ya kwanza na ya pili. Ornella akauchukua, akamfungulia upande wa abiria, akaendesha yeye.