Hodi ya Domo

Hivi wewe, umewahi kuitikia hodi ya mtu aliyemo ndani ya televisheni? Usinikodolee macho. Wapo wanaomtukana refa kupitia kioo, na hakuna anayewapeleka kupimwa akili.

Mama Dirisha aliitikia kila jioni. Jina hilo alipewa na wenzake wa ofisi ya maji, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya dirisha la malalamiko huku watu wakimbwagia kauntani chupa za maji ya rangi ya kutu. "Haya, kunywa wewe!" walimwambia. Naye alikuwa na jibu moja tu, alilofundishwa na bosi: "Tunalishughulikia." Hakuna aliyekuwa akilishughulikia. Yeye alijua, na wao walijua kwamba anajua.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuja kutembea akasahau kuondoka. Aliliteka kochi refu la sebuleni, na kutoka hapo akatoa hukumu juu ya chumvi ya mboga, vumbi la mapazia, na tumbo la mke wa kaka yake, ambalo lilikuwa halijaleta habari.

"Mama Dirisha!" alikuwa akicheka. "Afadhali, angalau dirisha umezaa."

Kilichomponya ni kipindi cha zamani, Ngazi ya Tatu, kilichokuwa kikirudiwa jioni. Marafiki wanne kwenye ngazi za jengo bovu, wakitaniana na kugawana karanga. Hakuna anayewahi kazini, hakuna anayemchoka mwenzake. Alikitazama tangu udogoni, ameegemea paja la mama yake, marehemu sasa. Domo, rafiki mchelewaji, alipobisha, "Hodi! Hodi, wenyewe!" mama aliitikia kutoka mkekani, "Karibu, Domo, nafasi ipo!" Wengine hurithi sahani. Yeye alirithi mchezo huo.

"Wifi, ipo siku utamwitikia aingie kweli," wifi yake alimwonya, mdomo umejaa.

"Aingie. Akae wapi, na wewe umelijaza kochi?"

Jioni moja umeme ulikatika kabla ya kipindi kuanza. Mama Dirisha alikuwa ametoka kazini na madoa ya maji ya mteja kifuani. Wifi alikuwa bafuni, akiulaani mfereji mkavu kana kwamba mwenye mfereji ni yeye aliyekaa sebuleni. Ndipo ikasikika.

"Hodi."

Ilitoka kwenye kioo cheusi. Sauti ilikuwa ya Domo, ila haikuwa na furaha yake, kama nguo iliyovuliwa na mwenyewe ikavaliwa na mwingine.

"Hodi."

Mtu mzima na akili zake huuliza kwanza, nani? Mama Dirisha hakuuliza. Mdomo ulishazoea, ukajibu, tena ukajibu zaidi ya ilivyopasa.

Kesho yake sebule ilinuka nguo zilizokunjwa kabla ya kukauka. Katika kipindi Domo hakutokea. Wale watatu waliiacha ngazi yake wazi, na walipokuwa wakitaniana waligeukia pale na kungoja jibu. Kwenye kochi, kando ya wifi, mto ulikuwa umebonyea kwa umbo la mtu aliyekaa.

"Wifi," mwanamke yule alinong'ona, kwa mara ya kwanza bila kejeli, "hebu njoo ukae hapa katikati."

"Nina vyombo."

Kisha kikaja kicheko. Si cha mtu mmoja, bali kile cha watu wengi kinachobandikwa kwenye vichekesho vya zamani. Kilitoka chini ya kochi kila wifi alipofungua kinywa. Aliomba maji, kikacheka. Alilia, kikacheka. Mwishowe akanyamaza, akawa anatazama kioo kilichozimwa, mikono imepoa kama chungu cha jana, na kicheko kilipoanza, naye alicheka nacho, kwa wakati uleule, bila kupepesa.

Mume, fundi baiskeli asiyependa maneno mengi, alimbeba dada yake ampeleke hospitali, akapita naye meza, akapita kabati, akaufikia mlango, akaushika ufunguo, na kicheko kikapanda kutoka sakafuni hadi darini, kikajaa masikioni mpaka akasahau mkono wake ulitaka nini, na alipozinduka alikuwa ameketi kochini, dada kamlalia begani, wote wawili wakikitazama kioo cheusi, na ufunguo ungali unaning'inia mlangoni, ukitikisika.

"Mke wangu," alisema polepole, "hatutoki humu."

Wa kutoka alikuwa Mama Dirisha peke yake. Mlango haukumzuia kamwe, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Alikimbia, akarudi na mtabibu wa majini, mama mnene mwenye begi la michezo.

"Msiniletee kuku, msiniletee kaniki," alisema mtabibu akivua viatu. "Jini aliyevamia ninamtoa. Huyu hakuvamia. Huyu kakaribishwa, na kapewa kitu." Aliushika mkono wa wifi, akaguna. "Anakwisha. Maneno yaliyomfunga yarudiwe kwa sauti, na aliyeyasema, mbele ya aliyesemewa. Nani?"

"Si mimi," alisema mume.

Kicheko kidogo, cha adabu.

"Labda waliokaa nyumba hii zamani," alisema Mama Dirisha. "Tuta... tutalishughulikia."

Hapo kilivuma hata vikombe vikalia kabatini. Wifi akafungua kinywa, kicheko kikatoka humo chote, na kilipokoma hakuvuta pumzi.

"Dada!" Mume alimtikisa. "Dada, jamani! Mke wangu, kama unajua kitu, sema!"

Alimtazama mumewe. Akisema, macho yale hayatamtazama tena vile. Akakitazama kioo: hakikuwa na umeme, lakini ngazi zilionekana, na marafiki watatu aliowapenda tangu mapajani kwa mama walikuwa wamesogea kumpisha mtu. Kwenye ngazi ya Domo alikuwa anaanza kuonekana wifi mwenyewe, ameshika magoti, akigeuza shingo huku na huku kama aliyepotea stendi. Hawakuwa wakimtania. Walikuwa wakimtazama Mama Dirisha, wanangoja, na nyumba nzima ilikaa kimya kama hadhira kabla ya neno la mwisho.

Alipiga magoti mbele ya kochi, akaishika ile mikono ya baridi.

"Wifi, ni mimi," alisema, kwa sauti ya kufika hadi barabarani. "Alibisha, nikamwambia, 'Karibu, Domo, nafasi ipo. Mchukue wifi, ukae wewe.'"